Nani Hulipwa Tunapotazama Mpira? Mambo ya Kuelewa Kabla ya Kufunga Televisheni Kwenye Ukumbi wa Usharika



Katika robo mwaka iliyopita ofisi yetu ya miradi ilipokea maombi ya aina moja kutoka sharika za Bukoba mjini na za Muleba. Maombi yote yanaeleza, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu, kwamba vijana hawaonekani tena usharikani Jumamosi jioni kwa sababu wako kwenye vibanda umiza wakitazama mpira. Hivyo kamati inaomba televisheni, dishi na king'amuzi ili vijana watazame kwenye ukumbi wao wenyewe, na kiingilio kidogo kitakachopatikana kiingie kwenye mfuko wa vijana.

Wakati huohuo marafiki wetu wa Ujerumani, Sweden na Finland wanaochangia kazi ya vijana wametuuliza maswali mawili. La kwanza, je, Tanzania mtu hulipa ada ya kumiliki televisheni kama ilivyozoeleka kwao? La pili, fedha ya msaada ikinunua king'amuzi, ni nani atakayelipia kila mwezi?

Makala hii inajibu pande zote mbili. Lakini kabla ya kujibu inatupasa kukiri kosa letu wenyewe.

Usharika mmoja wa Muleba ulikwisha kufanya jambo hili. Televisheni ilinunuliwa kwa salio la semina ya vijana, na ofisi yetu iliidhinisha kwa barua fupi bila kuuliza maswali. King'amuzi kilikuwa cha msharika mmoja, mtu mwema aliyejitolea, na akaunti ilikuwa kwa jina lake na kwa matumizi ya nyumbani kwake. Kiingilio kilikuwa shilingi 300. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi moja, ukumbi ukiwa umejaa na mechi ikiwa katikati, picha ilikatika na yakatokea maandishi kwenye kioo. Huduma ilikuwa imefungwa kwa sababu akaunti ya nyumbani ilikuwa ikitumika kuonyesha watu kwa malipo. Watu walidai fedha zao. Mweka hazina hakuwa na daftari la viingilio, hivyo hakujua arudishe kiasi gani na kwa nani. Yule msharika aliona aibu kubwa, na kwa muda mrefu hakuonekana ibadani.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kamati haikujua, na sisi tuliopaswa kujua hatukuuliza. Ndiyo maana tunaandika.

ADA YA TELEVISHENI: KWA WENZETU NA KWETU

Katika nchi nyingi za Ulaya utangazaji wa umma ulijengwa kwa ada ya wananchi. Uingereza ilianza kutoza leseni ya televisheni mwaka 1946 kwa pauni 2 kwa mwaka. Kuanzia Aprili 2025 ada hiyo ilifikia pauni 174.50. Mtu anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote anatakiwa kuwa nayo, hata kama hatazami BBC kabisa, na kutazama bila leseni ni kosa la jinai.

Ujerumani ilibadilisha mfumo wake mwaka 2013. Badala ya kuhesabu vyombo, kila kaya hutozwa ada moja iwe na televisheni au isiwe nayo; mwaka 2021 ada hiyo ilipandishwa hadi euro 18.36 kwa mwezi. Finland iliacha ada ya televisheni mwaka 2013 na kuweka kodi maalumu, na Sweden ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Barani Afrika, Afrika Kusini imekuwa na leseni ya televisheni ya randi 265 kwa mwaka kwa ajili ya shirika lake la SABC, na watu wengi hawailipi.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, kikiwemo ITV. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye, na shirika la TBC tunalolifahamu liliundwa mwaka 2007. Shirika hilo hupata fedha kutoka bajeti ya Serikali na kutoka matangazo ya biashara. Mwananchi hatakiwi kukata leseni ya kila mwaka kwa ajili ya televisheni iliyoko sebuleni kwake. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa watangazaji na kwa wenye mitambo ya kurusha matangazo. Hazitolewi kwa watazamaji.

Kitu kilichokaribia ada ya mtazamaji ni tozo ya ving'amuzi. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2022 Serikali ilipendekeza tozo ya kati ya shilingi 1,000 na 3,000 kwenye ving'amuzi, kulingana na uwezo wa kulipia. Tofauti yake na leseni ya Ulaya iko wazi. Leseni ile hulipwa na kila mwenye kutazama na fedha hujenga kituo cha umma, ilhali tozo ya namna hii humgusa anayelipia kifurushi na fedha huingia Serikalini.

Basi jibu kwa marafiki zetu ni hili: leseni ya televisheni kwa kaya hatuna. Gharama ya mtazamaji wa Kagera iko kwenye kifaa, kwenye umeme, na zaidi ya yote kwenye kifurushi cha kila mwezi.

CHANELI ZA BURE NA KAZI YA KING'AMUZI

Wengi wetu tunakumbuka wakati antena ya bati juu ya mlingoti ilitosha. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Tanzania ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Tangu hapo matangazo yanakuja kwa dijiti, na televisheni ya zamani haiwezi kuyasoma bila king'amuzi.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. King'amuzi kina kazi ya kwanza ya kutafsiri mawimbi ya dijiti kuwa picha. Kazi ya pili ni kufungua chaneli zilizofungwa kwa siri, na kufunguliwa huko ndiko kunakolipiwa. Chaneli za kitaifa zenye leseni ya kutazamwa bure, kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds, zinajiendesha kwa matangazo ya biashara. Kampuni zilizopewa leseni ya kurusha kwa minara ya ardhini zilipewa sharti la kuzibeba, na mtazamaji wa antena anapaswa kuendelea kuziona hata kifurushi chake kikiisha.

Kwa dishi la satelaiti hali ilikuwa tofauti. Agosti 2018 TCRA iliagiza kampuni za satelaiti ziondoe chaneli hizo za bure kwenye vifurushi vyao, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuwatoza watu kwa kitu ambacho kisheria ni cha bure. Watazamaji wengi walikasirika wakidhani wamenyang'anywa haki yao. Kwa kweli ulikuwa mgogoro juu ya aina ya leseni.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya sura ya nchi yetu. Mawimbi ya mnara wa ardhini husafiri kwa mstari. Mwenye nyumba juu ya mgongo wa kilima hupata picha safi, na jirani yake aliyeko bondeni nyuma ya mwamba hapati kitu. Kwa ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba mnara uko mbali zaidi. Dishi halijali kilima wala ziwa, kwani satelaiti iko angani juu ya wote. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize fundi na muulize jirani: hapa petu antena inashika? Kama inashika, usharika unaotaka habari, vipindi vya elimu na mechi chache za bure hauna sababu ya kulipia dishi kila mwezi.

KWA NINI MPIRA HULIPIWA

Mechi ya mpira ni mali. Mwenye ligi huuza haki ya kuonyesha mechi zake, na kampuni ya televisheni hununua haki hiyo kwa miaka maalumu na kwa nchi maalumu. Kisha kampuni hurudisha fedha yake kwa kuwatoza watazamaji mmoja mmoja.

Mfano wa karibu ni ligi yetu wenyewe. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu. Ukigawa kwa miaka, ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hiyo huenda kwa klabu. Kwa hiyo katika miaka Kagera Sugar ilipocheza Ligi Kuu hapo Kaitaba, kabla ya kushuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, malipo ya mtu aliyekaa nyumbani Mtwara akitazama yalichangia pia timu ya mkoa wetu. Mpira wa televisheni una wafanyakazi, na hao nao wanastahili ujira wao.

Kwa Ligi Kuu ya Uingereza fedha ni nyingi zaidi. Desemba 2023 ligi hiyo ilitangaza mauzo ya haki za ndani ya Uingereza pekee kwa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025/26. Nchi za nje huuziwa kwa mikataba mingine. Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haki hizo zimekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa SuperSport ya kampuni ya MultiChoice, ambayo Septemba 2025 ilinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa.

Kuna jambo ambalo huwashangaza vijana wetu tunapowaambia. Mwingereza aliyeko Uingereza haruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja mechi za Jumamosi saa 9 alasiri za kwao. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960 wa kulinda viingilio vya viwanjani, hasa vya timu ndogo. Kwetu muda huo ni saa 11 au saa 12 jioni kutegemea majira yao, na kijana wa Kashai au wa Kamachumu huziona mechi zilezile ambazo mtu wa Manchester hazioni sebuleni kwake. Wao nao, baada ya leseni ya televisheni, hulipia vifurushi vya michezo vya kampuni zaidi ya moja ili wazione zilizobaki.

HAKI ZINA MUDA NA ZINA MIPAKA

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili ambayo kamati inapaswa kuyashika.

Kwanza, haki huhama. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia Afrika ikiwa na sehemu kubwa ya haki za Ligi Kuu ya Uingereza. Watu wengi Afrika Mashariki walinunua ving'amuzi vyake. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni hiyo ilifilisika, matangazo yakazimwa katikati ya msimu, na wateja wakabaki na vifaa visivyoonyesha kitu. Waliokuwa wamelipia miezi ya mbele walipoteza zaidi. Funzo ni kwamba king'amuzi hakikuuzii ligi. Kinakuuzia mlango, na kilichomo ndani kinaweza kuhamishwa. Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo bila sababu nzito, na usinunue kifaa kwa ajili ya ligi moja bila kuuliza mkataba wake unaisha lini.

Pili, haki zinauzwa kwa nchi. Sisi tunaoishi jirani na Mutukula tunajua kuwa kadi na ving'amuzi vya Uganda huvuka mpaka kama vinavyovuka vitu vingine, na mara nyingine kwa bei inayovutia. Lakini huduma iliyouzwa kwa ajili ya Uganda imeuzwa kwa mtazamaji wa Uganda. Ikitumika Bukoba inaweza kufungwa siku yoyote, na mteja hana pa kulalamika.

Kuna kesi maarufu juu ya jambo hili. Karen Murphy, mama mwenye baa huko Portsmouth, Uingereza, alitumia kadi ya Ugiriki kuonyesha mechi za Uingereza kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Alitozwa faini ya karibu pauni 8,000. Alikata rufaa, na Oktoba 2011 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa ndani ya soko la pamoja la Ulaya mtu hawezi kukatazwa kununua kadi ya nchi nyingine mwanachama. Hukumu yake ilifutwa mwaka 2012. Hata hivyo mahakama hiyohiyo ilisema kuwa wimbo wa ligi, michoro ya kwenye kioo na kazi nyingine za ubunifu zina mwenyewe, na kuzionyesha kwenye baa kunahitaji idhini yake. Mama yule alishinda kuhusu kadi, lakini swali la kuonyesha hadharani lilibaki mahali pake. Hukumu ile haitumiki kwetu, ila inatuonyesha kuwa kadi uliyonunua kihalali si lazima ikupe ruhusa ya kukusanya watu.

NYUMBANI SI UKUMBINI

Hili ndilo lililoupata usharika wa Muleba. Kifurushi cha nyumbani ni makubaliano ya kutazama wewe, familia yako na wageni wako. Ukifungua mlango kwa umma, na hasa ukitoza kiingilio, umeanza kuuza upya kitu ulichouziwa kwa matumizi yako. Kampuni za televisheni za kulipia huwa na mikataba ya biashara kwa baa, hoteli, kumbi na vibanda, na bei yake huwa tofauti na ya nyumbani.

Mbali na kampuni, kuna sheria za nchi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtangazaji haki juu ya matangazo yake, na ofisi ya kuulizwa ni COSOTA. Halmashauri nayo hutaka leseni ya biashara kwa shughuli ya kuingiza kipato. Wenye kumbi za Bukoba mjini huenda Manispaa, na wa Muleba huenda ofisi ya biashara ya wilaya. Ukumbi ukionyesha pia filamu, jambo ambalo karibu kila kibanda hufanya siku zisizo na mechi, inaingia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu.

Mwanakamati mmoja alituuliza, "Lakini sisi ni kanisa, si biashara. Hata hapo?" Tunamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, hata hapo. Mlango wenye kiingilio haubadiliki kwa sababu juu yake kuna msalaba. Na kama sisi tunaohubiri uaminifu ndio tunaopita uchochoroni, kijana aliyekaa kwenye benchi anajifunza hilo pia.

TUFANYE HESABU

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu na si bei ya kampuni yoyote. Kila kamati iweke zake baada ya kuuliza kwa wakala.

Tuseme kifurushi cha biashara ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Umeme na usafi ni 30,000. Msimamizi wa mlangoni analipwa 50,000. Leseni na ada za mwaka ni 240,000, yaani 20,000 kwa mwezi. Akiba ya matengenezo ni 20,000, kwa kuwa radi na umeme unaopanda na kushuka huharibu vifaa. Jumla ni shilingi 220,000 kwa mwezi.

Kiingilio kikiwa 500 mnahitaji watazamaji 440 ili msipate hasara. Mkiwa na siku nane za mechi kwa mwezi, ni watu 55 kila siku. Ukumbi wenye viti 60 unapaswa kukaribia kujaa kila mara, na hapo mfuko wa vijana bado haujapata hata senti. Jirani mwenye kibanda cha mabati anatoza 300.

Zingatieni pia kwamba siku za kifurushi zinahesabiwa tangu kulipia, televisheni iwe imewashwa au imezimwa. Umeme ukikatika wiki nzima, siku hizo zimekwenda. Ligi za Ulaya husimama kati ya mwisho wa Mei na Agosti, na miezi hiyo ni busara kutolipia, lakini leseni ya mwaka haisimami. Aidha kipato cha vijana wetu hufuata kahawa. Baada ya mavuno ukumbi utajaa; miezi ya njaa wengi watasimama dirishani.

SAA ZA MECHI, WATOTO NA KUBETI

Mechi za katikati ya wiki za klabu bingwa Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, na kumalizika karibu saa 6 au saa 7. Nani atafunga ukumbi? Nani atahakikisha binti aliyekuja kutazama anafika nyumbani salama? Mwanafunzi atakuwaje asubuhi darasani? Usharika unaojibu maswali haya kwa kusema "tutaona" bado hauko tayari.

Kuna pia kubeti. Pale penye mechi nyingi pana mikeka mingi, na simu imeondoa haja ya kwenda dukani. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini simu ya kaka haiulizi umri. Ukumbi wetu ukiwa mahali pa kupanga mikeka, tutakuwa tumewatoa vijana kibandani na kukileta kibanda kwetu.

MAMBO YA KUFANYA KWA MPANGILIO

1. Kamati ianze na swali la lengo. Kama mnataka vijana wakutane, jaribuni kwanza chaneli za bure bila kiingilio, mechi za redio, na mpira wa kucheza wenyewe uwanjani. Mpira mmoja na wavu hauhitaji kulipiwa kila mwezi.

2. Mkiamua kulipia, nendeni kwa wakala anayetambulika, mwelezeni waziwazi kuwa ni ukumbi wa watu wengi, na mpate jibu kwa maandishi.

3. Akaunti iwe kwa jina la usharika. Isiwe ya mchungaji, mwinjilisti wala msharika mwema.

4. Namba ya kadi iandikwe ukutani na kwenye daftari. Kosa la tarakimu moja hupeleka malipo kwa mtu mwingine. Wakati wa kulipia king'amuzi kiwe kimewashwa ili kipokee amri ya kufunguliwa. Ujumbe wa malipo usifutwe, na namba ya siri ya simu asipewe fundi yeyote.

5. Viingilio viandikwe kila siku, watu wawili watie sahihi, na hesabu isomwe kwenye kikao kama sadaka nyingine zinavyosomwa.

6. Huduma ikiwa mbovu, lalamikeni kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Isiposhughulikia, malalamiko yapelekwe TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili ya kumsaidia mtumiaji.

UAMUZI WETU

Baada ya kikao cha pamoja na viongozi wa vijana tumeamua kwamba fedha ya msaada haitalipia kifurushi cha mwezi katika usharika wowote. Inaweza kuchangia televisheni na antena kwa ukumbi wenye matumizi mengine ya mafunzo, na kamati ikishaonyesha hesabu yake ya mwaka mzima pamoja na majibu ya wakala na ya Halmashauri. Usharika unaotaka kulipia mpira ulipie kwa kipato chake, ili siku ukishindwa usimame wenyewe bila deni na bila kumwachia mzigo msharika mmoja.

Sharika mbili zilipoona hesabu ziliahirisha ombi. Mmoja, wa mjini, unaendelea kuulizia bei, na tutawaeleza matokeo.

Ule usharika wa Muleba haukurudisha kifurushi. Televisheni iko palepale ukumbini, inashika chaneli za bure kwa antena iliyofungwa kwenye mlingoti wa mti wa mkaratusi, na jioni watu huja kutazama habari bila kiingilio. Tulikwenda wenyewe kumtembelea yule msharika nyumbani kwake, tukamweleza mbele ya mzee wa kanisa kuwa kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake. Alitukaribisha kahawa, akacheka kidogo, akauliza matokeo ya mechi ile iliyokatika. Hakuna kati yetu aliyekuwa anayakumbuka. Jumapili iliyofuata alikuwa ibadani.